Nadhiri ya Moba

Mimi Leila si mpole, na mtaa wetu wote wa Kataki, hapa Kalemie, unajua. Muuza ndagala, hawa dagaa wetu wa ziwani, akiwa mpole hurudi nyumbani na beseni lake limejaa. Kwa hiyo siku Docta Aristide aliponiambia kwamba uvimbe kwenye shavu la mwanangu ni kansa, sikuanguka wala sikupiga yowe. Nilimwuliza kama ina dawa. Akasema inayo. Nikamwambia basi tuanze, mbona tumekaa? Kulia nililia baadaye, nyuma ya choo cha hospitali, nikanawa uso bombani, nikarudi ndani kumshika mtoto mkono.

Mtoto mwenyewe ni Mamie. Jina lake la kweli ni Mwanne, amepewa la bibi yake, mama mzazi wa mume wangu Hamidi. Kwetu mke hatamki jina la mama mkwe wake mbele yake, sembuse kulipigia kelele uani kila mtoto anapomwaga maji, ndiyo maana tangu azaliwe namwita Mamie. Hospitalini hawajui mambo hayo. Muuguzi Gisèle akifungua mlango na kuita "Mwanne!", wanasimama wawili: mwanangu na kichwa chake kidogo, na Bibi Mwanne na mwili wake wote, anajibu "Niko hapa!" kama anaitwa kupokea zawadi.

Ugonjwa ulituingia kwa mlango ambao hatukuufikiria. Jino lilianza kucheza. Kwa mtoto anayekaribia kuanza shule, jino kucheza ni furaha, na Bibi alimtania kwamba sasa atakuwa kibogoyo kama yeye, hakuna mwanamume atakayemtaka. Halafu likacheza la pili, la tatu, yote upande mmoja, na shavu likaanza kujaa. Kuna mtu sokoni anayeng'oa meno, tukampeleka, akang'oa, na kidonda kikakataa kufunga. Shavu lilipofika jicho na jicho likaanza kujifunga, nilimbeba Mamie mgongoni nikaenda hospitali bila kumuaga mtu yeyote.

Huko walikata kipande kidogo, wakakipeleka kupimwa, tukangoja. Majibu yaliporudi, Docta Aristide alinikalisha peke yangu. Ni kijana bado, mzaliwa wa Manono, anaongea taratibu na anakutazama usoni.

"Mama Mamie, hii kansa ni ya haraka, lakini nayo inasikia dawa haraka," aliniambia. "Tutampa dawa ndani ya serumu, iingie kwenye mshipa, apumzike, tumpe tena, hivyo hivyo mara kadhaa. Sasa unisikilize vizuri. Dawa ya kwanza tu, shavu litashuka. Utaona na macho yako. Utafurahi. Njo hapo watu wananikimbia. Wanasema mutoto amepona, wanapanda boti, wanaenda. Ukinikimbia, uvimbe utarudi, na ukirudi hautasikia tena hii dawa."

"Mimi sikimbii," nilimjibu.

"Wote wanasema hivyo."

Nilikasirika kwa neno hilo. Nilimwambia asubiri aone.

Dawa ya kwanza ilikuwa shida. Gisèle alitafuta mshipa kwenye mkono wa Mamie mpaka jasho likamtoka yeye mwenyewe. Mtoto alitapika, akalala, akaamka akatapika tena, na kila akifumbua jicho tulimpa maji, kwa sababu ile dawa ikikaa kwenye kibofu inaunguza, lazima mtoto akojoe sana. Bibi Mwanne alishika kikombe. Mimi najua kuuza, yeye anajua kuamuru, na siku ile niliushukuru ulimi wake. "Kunywa, mke mwenzangu," alikuwa akisema, "kunywa, au nitakunyang'anya mume."

Huo ndio utani wa nyumba yetu. Babu na mjukuu wa kike ni mume na mke, na bibi na mjukuu ni wake wenza, wanagombana kutwa na watu wanacheka. Papa Shaabani, baba mkwe wangu, mzee aliyefanya kazi reli mpaka nywele zikawa nyeupe, hamwiti Mamie kwa jina. Anamwita "muke wangu mudogo". Akipewa samaki mzuri wa mukeke kwenye sahani, anauliza kwanza kama muke mudogo amekula. Bibi ananuna kwa maonyesho, anapiga vidole, anasema ndoa hii imemshinda, anarudi kwao Moba. Mamie anashangilia kwamba nyumba imebaki yake. Wageni wanacheka mpaka wanashika mbavu.

Basi, Docta alisema kweli. Tulirudi nyumbani, na asubuhi moja nikimwosha Mamie uso niliona jicho limefunguka lote. Kesho yake shavu likalegea. Wiki haikuisha, likalala kabisa, likawa shavu kama lile lingine, laini, na mtoto akacheka meno yote aliyobaki nayo. Nilimbeba nikazunguka naye uani. Hamidi, ambaye ni fundi wa mota za boti na haongei mengi, alimshika kidevu na vidole vyenye oili, akamgeuza huku na huku, machozi yakimtoka bila aibu.

Bibi Mwanne alitoka jikoni, akaona, akaweka mwiko chini. Akapiga vigelegele. Bibi akipiga vigelegele, Kataki inajaa uani kwetu. Majirani walikuja, kila mtu akataka kumgusa mtoto shavu, na mimi nawafukuza kwa sababu damu yake ilikuwa chini na sikutaka kikohozi cha mtu.

"Amepona!" Bibi aliwatangazia. "Mujukuu wangu amepona deja! Sasa musikie. Niliweka nadhiri. Siku jicho lilifunga, nilimwambia Mungu, ukishusha hili shavu, nitamupeleka huyu mutoto Moba, kwa musikiti wa baba yangu, nimukalishe katikati, maulidi isomwe juu ya kichwa chake, na mbuzi achinjwe. Na Mungu ameshusha. Jumatano tunapanda boti."

Watu wakasema mashallah. Mimi nikasimama na beseni mkononi. Alhamisi, siku moja baada ya hiyo Jumatano, Mamie alikuwa anatakiwa hospitali kwa dawa ya pili.

Nilingoja majirani watoke. Nilijitahidi, mnisifu.

"Mama," nikamwambia, "nadhiri tutaitimiza. Lakini Docta anasema bado. Shavu limeshuka, ugonjwa ungali ndani. Alhamisi ana dawa."

"Ugonjwa gani ungali ndani? Wewe unauona?"

"Siuoni, Mama. Njo maana ninamusikiliza anayeuona."

"Na mimi nimemuona aliyemuponya!" Akanyoosha kidole juu. "Leila, ulikuwa wapi wakati mimi niko naomba? Mungu ametoa mukono wake, sasa mimi nimufungie mulango? Nikivunja nadhiri, hili shavu litarudi. Unataka lirudi?"

Nikamwambia twende basi tumwulize sheikh, pengine nadhiri inaruhusiwa kungoja. Akajibu kwamba sheikh hakuweka nadhiri, aliyeweka ni yeye. Hapo ulimi wangu ukanitoroka, nikasema mtoto nimezaa mimi, si nadhiri yake. Akanipa kisogo, akaingia ndani, na chakula cha jioni nilipakua mwenyewe.

Hamidi sikumwachia apumue. Nilimfuata pale anapofungulia mota zake, karibu na mdomo wa mto Lukuga.

"Mama amesema Ijumaa watarudi," akaniambia, macho kwenye bomba la mafuta. "Dawa itachelewa siku moja tu."

"Wewe njo fundi wa boti. Uniapie kwamba hiyo boti itarudi Ijumaa."

Akainamia bomba lake. Kila mtu Kalemie anajua: boti ya Moba unajua inapoondoka, kurudi ni habari ya upepo, ya mafuta, na ya abiria kujaa. Na nani anazikokota mota mbovu mpaka ufukweni kila wiki kama si mume wangu? Akafuta mikono, akaanza sentensi, akaiacha. Hamidi ni mtu mwema, lakini mbele ya mama yake anarudi utoto.

Mtasema, si ungemfungia mtoto ndani ukamaliza? Nilifikiria. Hata kufuli nilikuwa nayo. Lakini dawa ya pili si ya mwisho. Mbele kuna ya tatu, ya nne, kuna kutapika, kuna usiku wa homa, kuna siku ambazo mimi lazima niende sokoni ili tule. Nani atakaa wodini? Bibi. Nani anajua kumnywesha Mamie maji hata akiwa amefunga meno? Bibi. Nikishinda vita nyumbani, nitakwenda hospitali bila jeshi. Na kitu kingine, ambacho nilikiona nikiwa nimetulia kidogo: mimi na yule mama tuliogopa kitu kimoja. Wote wawili tuliogopa shavu kurudi. Yeye aliona mlango wake uko Moba, mimi niliona uko hospitali.

Nikaenda kwa Papa Shaabani. Jioni anakaa barazani na redio yake, miguu juu ya stuli. Nilikaa chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa, nikamweleza yote, maneno ya Docta moja baada ya jingine.

"Papa, nakuomba umukataze Mama kwenda."

Akapunguza sauti ya redio. "Mama yako ameniomba ruhusa leo asubuhi. Nimemupa. Nadhiri ni yake na Mungu, mimi nitaingia katikati namna gani?"

Hilo lilikuwa kweli, na niliposikia nilikata tamaa kidogo. Bibi Mwanne anatisha soko zima, wachuuzi wa kitenge wakimwona wanashusha bei wenyewe, lakini hatoki nje ya Kalemie bila kwenda mbele ya mume wake, kupiga goti moja na kusema, "Baba Hamidi, naomba ruhusa." Hata msiba wa ndugu yake kule Moba aliomba, huku analia. Ndivyo alivyolelewa, na ruhusa ikishatoka, imetoka.

"Docta amesema ukirudi hausikii dawa?" mzee akaniuliza.

"Ndiyo, Papa."

Akaitazama redio. Halafu akapandisha sauti, zikawa zinasomwa habari za Kinshasa, nikajua nimeambiwa niondoke. Nilikwenda zangu na hasira zangu. Nikasonga bukari, ugali wetu wa mihogo, usiku ule kwa nguvu mpaka mwiko ukapasuka.

Jumatano ikafika. Boti ilikuwa ya mchana. Uani wanawake wamevaa vitenge vya aina moja, Bibi alivigawa mwenyewe, na mbuzi amefungwa nyuma ya pikipiki, analia kuliko abiria wote. Mamie alivalishwa gauni la Idi. Alikuwa mwembamba, na nilipomfunga vifungo mgongoni nywele kadhaa zilibaki kwenye vidole vyangu. Zilianza kutoka. Nilizificha kwenye kiganja, na nywele zile zilikuwa zinaniambia dawa inafanya kazi na kazi haijaisha.

Papa Shaabani alikuwa barazani, kofia kichwani, anangoja kuagana na watu wake. Bibi akapita mbele yake, akamwambia, "Baba Hamidi, tunaenda." Akajibu, "Muende salama." Na hapo, nikiwa nimemshika Mamie mkono, ndipo wazo likanijia. Mzee alimpa ruhusa mke mmoja. Mwingine hakuomba.

Sikuwa na uhakika wowote. Mzee angeweza kucheka na kusema nenda, kama alivyocheka kila siku. Lakini nilikuwa sina njia nyingine, na boti ilikuwa haingoji.

"Ngojeni kwanza!" nikasema, kwa sauti yangu ya sokoni. Wanawake wakageuka. "Mimi niko na swali. Mama ameomba ruhusa kwa mume wake, amepewa. Na huyu muke mwenzake? Nyumba hii siku hizi wake wadogo wanasafiri hivi hivi?"

Kicheko kikalipuka. Bibi mwenyewe akacheka, maana utani wake huwa hauachi upite. "Kweli!" akasema. "Huyu hana adabu! Nenda ukaombe, wewe mwizi wa waume, tusije tukafukuzwa wote!"

Mamie akaniachia mkono, akakimbia barazani. Akapiga goti moja kama alivyomwona bibi yake akifanya, gauni likagusa vumbi.

"Baba Hamidi," akasema, "naomba ruhusa niende Moba."

Watu walikuwa wameshaanza kucheka kabla ya jibu. Mzee alimtazama. Alimtazama kwenye shavu, akanyoosha mkono akaligusa kwa nyuma ya vidole.

"Hapana," akasema.

Kicheko kikaongezeka. Mtu akapiga makofi. Mamie akageuka kutuangalia, hajui kama ameshinda au ameshindwa.

"Huyu anabaki," mzee akasema. "Sikumupa ruhusa."

"Baba Hamidi," Bibi akamwambia, bado anatabasamu, "boti itatuacha. Mupe baraka tuende."

"Muke wangu mukubwa nimemuruhusu. Aende. Muke mudogo anabaki na mimi."

Sasa watu walianza kusikia sauti yake. Haikuwa sauti ya utani. Mwenye pikipiki akazima mota. Bibi akasogea mpaka kwenye ngazi ya baraza, mikono kiunoni.

"Acha muzaha mbele ya watu."

"Wewe njo ulinioza mbele ya hawa watu," mzee akajibu. "Miaka hii yote unawaambia huyu njo muke wangu, wanacheka, na mimi nacheka. Leo nimekubali ndoa. Na muke wangu ana safari ya lopitali kesho."

Bibi akanigeukia mimi. Alijua. Macho yake yalinichoma, na mimi sikuyakwepa. Akarudi kwa mume wake, na sauti ikamshuka, ikawa ya mtu anayeomba kweli.

"Na nadhiri yangu? Nilimuahidi Mungu. Lile shavu likirudi, nitasema nini? Litarudi kwa sababu yangu!"

Hapo mzee akavua kofia. Sijamwona kabla ya siku hiyo akikaa kichwa wazi mbele ya watu.

"Mwanne," akamwita. Kwa jina, si Mama Hamidi. Uani akasikika mbuzi peke yake. "Mimi naogopa. Nimezika watoto wetu wawili, na wewe ulinishika mukono. Huyu sitaki kumuzika. Mungu anajua umeahidi nini, hajasahau, na siku Docta atasema mwisho, tutaenda Moba wote, mimi mwenyewe nitabeba huyu mbuzi. Kama kuchelewa ni kosa, mume njo alikataza. Mungu aniulize mimi. Asikuulize wewe."

Bibi Mwanne alisimama pale. Nilidhani atapiga kelele. Akatazama mizigo, akatazama wanawake wake na vitenge vyao, na mabega yake yakashuka taratibu kana kwamba mtu amempokea ndoo kichwani. Hakusema ndiyo. Alikwenda kwenye pikipiki, akafungua kamba ya mbuzi, akamvuta hadi nyuma ya nyumba. Halafu akaingia chumbani kwake na kufunga mlango.

Majirani wakatawanyika wakinong'ona. Hamidi alikuja kusimama kando yangu, akaweka mkono begani kwangu, na safari hii alimaliza sentensi yake. "Kesho naenda na ninyi," akasema. Nilitaka kumwambia kwamba jana ingefaa zaidi. Nikaumeza ulimi, maana hata mimi nina siku zangu za upole.

Asubuhi ya Alhamisi Bibi hakunisalimia. Nilipomaliza kumfunga Mamie mgongoni nilimkuta tayari barabarani, amebeba thermosi ya uji, kikombe, na kanga mbili za kupangusia matapishi. Alitembea mbele yetu mpaka hospitali bila kugeuka. Gisèle alipofungua mlango na kuita "Mwanne!", alijibu kama kawaida yake.

Docta Aristide aliponiona alisimama kutoka kwenye kiti. Nilimwonyesha mtoto tu, nikakaa, na nakiri nilijisikia mkubwa.

Dawa ya pili ilimchosha Mamie kuliko ya kwanza. Nywele zilitoka zote, Bibi akamnyoa zilizobaki kwa wembe mpya, na Papa Shaabani, kwa kumuunga mkono mke wake mdogo, akanyoa ndevu alizofuga tangu reli. Nyumbani tuliacha kukaanga ndagala, kwa sababu harufu ilimtapisha. Mimi muuza ndagala nikawa naoga kabla ya kuingia ndani kumsalimia mwanangu. Maji ya kunywa yalichemshwa, wageni wenye mafua waliagwa kwenye uzio, na Mamie akajifunza kutuamrisha wote kwa kidole kimoja. Alidai uji wa moto, ukija anadai wa baridi. Hamidi alibeba ndoo za maji asubuhi na jioni. Kwa muda mrefu Bibi alizungumza nami kwa kupitia kwa watu wengine: "Mwambieni Mama Mamie chumvi imekwisha." Mama Mamie niko hapo hapo, nimekaa jikoni. Niliacha hivyo. Mtoto alikuwa anakunywa maji yake, anakojoa vizuri, damu inapanda.

Siku ya dawa ya tatu tulikuta mtu mpya kwenye kitanda cha pembeni. Ni mama mmoja anaitwa Thérèse, mkulima wa Kirungu, kule milimani juu ya Moba, na mwanawe Blanchard. Walikuwa wamepewa dawa ya kwanza wiki iliyopita na kubaki wodini, kwa kuwa kwao ni mbali. Shavu la mtoto lilikuwa laini kabisa, unaona tu kovu dogo pale walipokata. Mamie alikuwa ameshawekewa serumu, anachora kwenye shuka kwa kidole, na mimi nilikuwa natafuta kijiko kwenye kikapu. Thérèse alikuwa anafunga mzigo.

"Unaenda wapi, Mama Blanchard?" Bibi akamwuliza.

"Nyumbani, Mama. Maharagwe yamekauka shambani, na baba yake ametuma neno. Boti ni saa hizi. Mutoto amepona, angalia." Akamgeuza Blanchard uso, na uso wake mwenyewe uliwaka kwa furaha. Niliijua furaha ile. Iliwahi kukaa uani kwetu.

Bibi akamshika mtoto kidevu. Akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akapapasa lile shavu. Halafu akasogea, akaushika mzigo wa Thérèse, akauweka katikati ya sakafu, akaukalia. Mwili wa Bibi mnaujua. Mzigo ukapotea.

"Mama!" Thérèse akashtuka. "Boti itaniacha!"

"Ikuache."

"Mama, pardon, simama. Ni nguo za mutoto." Akanigeukia mimi anisaidie, nami nikaendelea kutafuta kijiko ambacho nilikuwa nimekishika. Akajaribu kuvuta pembe ya kitenge, haikutoka. Akaanza kulia kwa hasira. "Wewe unanizuia kwa sababu gani? Na huyu wako? Angalia shavu lake! Si amepona?"

Nikaacha kijiko. Kataki nzima ilishalisikia jibu la swali hilo, na vigelegele juu yake. Bibi Mwanne akamtazama Mamie, kile kichwa chenye upara, mshipa uliofungwa plasta, kidole kinachochora nyumba isiyoonekana. Macho yakamjaa, na kwa mara ya kwanza tangu nimeolewa nilimwona akiogopa bila kuficha.

"Bado," akasema. "Bado, mwanangu."

Akanyoosha mkono akamvuta Thérèse, naye, sijui kwa kuchoka au kwa kusikia namna ile sauti ilivyotoka, akakubali, akakaa kando yake juu ya mzigo, Blanchard magotini. Bibi akamimina uji kwenye kikombe chetu akampa mtoto. Baadaye kidogo honi ya boti ikalia kule bandarini, Thérèse akainua kichwa, Bibi akamshika mkono, na wote wawili wakabaki wamekaa.